Saikolojia na elimu katika shahada moja: maana yake hasa

Mwambie mtu kwamba unasoma saikolojia na elimu chuo kikuu, uone atakavyokujibu. Mmoja atasema, "Kumbe unataka ualimu." Mwingine atakutazama kwa wasiwasi na kukuuliza, kwa mzaha usio mzaha sana, kama sasa hivi unayasoma anayowaza. Wote wawili wamekosea, ila yule wa kwanza amekosea kidogo tu, na kosa lake ndilo linalowaponza waombaji wengi wa kozi hii.

Mtego uko kwenye neno elimu. Katika jina la shahada hii, elimu si lazima iwe ualimu. Ualimu ni kazi: unafundishwa kuandaa somo, kulituliza darasa, kutunga na kusahihisha mitihani, na unapelekwa shuleni kwa mazoezi ya kufundisha huku msimamizi amekaa nyuma na daftari lake. Elimu kama fani ya chuo kikuu huitazama shule kwa umbali kidogo. Inauliza nani aliamua watoto wasome hiki na si kile, mtihani unapima nini, lugha ya kufundishia inamfungulia nani mlango na inamfungia nani. Ndani yake mna falsafa, historia, sosholojia na sera. Vipo vyuo vinavyounganisha yote, ukimaliza unatoka na shahada pamoja na sifa ya kufundisha. Vipo vingine ambavyo utamaliza miaka yako yote bila kushika chaki hata siku moja. Jina kwenye cheti linaweza kufanana kabisa.

Saikolojia nayo ni sayansi ya akili na tabia: jinsi mtu anavyoona, anavyokumbuka, anavyosahau, anavyoogopa, anavyoamua, anavyobadilika kutoka utoto hadi uzee. Maradhi ya akili ni sehemu yake moja tu. Halafu kuna saikolojia ya elimu, ambayo ni tawi la saikolojia linaloshughulikia kujifunza na kufundisha. Anayesoma saikolojia ya elimu amechukua tawi moja. Anayesoma saikolojia na elimu amepewa miti miwili, na tawi hilo ni pale inapogusana.

Mpangilio wa masomo hutofautiana. Kuna nusu kwa nusu, na kuna fani moja kuu na nyingine ndogo. Kwa kawaida mwaka wa kwanza ni misingi ya pande zote mbili, katikati unaanza kuchagua, na mwisho unaandika utafiti wako mwenyewe. Huku mwanzoni ndiko watu hushtuka. Wengi hujiandikisha wakiamini wameikimbia hesabu, kisha muhula wa kwanza wanakutana na takwimu: wastani, mtawanyiko wa data, uwezekano, na programu ya kompyuta inayokataa kufanya kazi kwa sababu umesahau nukta moja. Takwimu hazikwepeki. Mtu akikuuzia kozi hii kwamba ni "masomo ya kuongea na watu", hajaisoma.

Sasa, kwa nini fani mbili na si moja? Chukua mtoto wa miaka kumi aliyepewa swali la hesabu, 1/2 + 1/3. Anafikiri kidogo, anaandika 2/5, anaweka kalamu chini ameridhika. Mwanasaikolojia atainamia daftari lile. Ataona mtoto amejumlisha vya juu kwa vya juu, vya chini kwa vya chini, kama afanyavyo na namba nzima. Hajabahatisha, ana kanuni, na kanuni yake ilimsaidia miaka yote hadi leo. Kwake 1/2 ni namba mbili zilizopandana, bado si kiasi kimoja. Ndiyo maana hakushtuka kwamba alianza na nusu, akaongeza kitu, akapata kilicho pungufu ya nusu.

Mtu wa elimu atanyanyua macho kutoka kwenye daftari na kutazama chumba. Hesabu za sehemu zilifundishwa baada ya mada gani? Mtaala ulizitengea wiki ngapi? Mwalimu ana watoto wangapi mbele yake, na je, ana nafasi ya kukaa na mmoja akamuuliza "umepataje hapa?" au anaweka alama ya mkasi na kwenda kwa mwingine? Nani atalipiwa masomo ya ziada jioni, na nani ataachwa na 2/5 yake hadi sekondari?

Mwenye kuijua picha ya kwanza peke yake atabuni mbinu nzuri isiyoingia kwenye ratiba ya shule yoyote. Mwenye ya pili peke yake atadai mageuzi ya mtaala bila kujua kichwani mwa mtoto kumekwama nini. Mimi nilikuja kuielewa tofauti hii kwa njia ya kuudhi. Wiki moja nilirudishiwa kazi mbili. Kwenye ripoti ya saikolojia, mhadhiri alikuwa ameandika pembeni: "Ushahidi uko wapi?" Kwenye insha ya elimu, nikiwa nimejaza ushahidi kwelikweli safari hii, mwingine aliandika: "Ushahidi wa nani?" Nilidhani wananionea. Sasa naona maswali yale mawili ndiyo shahada yenyewe.

Hata kuandika kwenyewe ni lugha mbili. Ripoti ya saikolojia ina vyumba vyake: nadharia tete (wazo unalokwenda kulipima), mbinu, matokeo, mjadala, na ukipeleka maoni yako kwenye chumba cha matokeo unakatwa alama. Insha ya elimu inataka hoja inayotembea, na ukiipanga kama ripoti ya maabara utaambiwa umeorodhesha, hujajadili.

Undugu wa fani hizi ni wa zamani. Saikolojia kama sayansi ya maabara huhesabiwa kuanzia 1879, Wilhelm Wundt alipofungua maabara yake Leipzig, na walimu hawakukawia kubisha hodi. Mwaka 1892 mwanasaikolojia William James alianza kutoa mihadhara kwa walimu huko Cambridge, Massachusetts, na akawaonya mapema: saikolojia ni sayansi, kufundisha ni sanaa, na sayansi haizai sanaa moja kwa moja. Lazima awepo mtu katikati mwenye ubunifu wa kuvuka nayo. Sijaona maelezo bora ya mhitimu wa shahada hii kuliko hayo.

Kisa kinachonionyesha vizuri zaidi kwa nini "ushahidi wa nani" si swali la ubishi ni cha Alfred Binet, mwanasaikolojia wa Kifaransa. Mwaka 1904 serikali ya Ufaransa iliunda tume ya kushughulikia watoto waliokuwa wakishindwa kufuata masomo ya kawaida. Binet, akisaidiana na Théodore Simon, alitoa mwaka 1905 kipimo cha maswali yaliyopangwa kwa ugumu, kusudi watoto wanaohitaji msaada watambuliwe kwa haki, pasipo kutegemea hisia za mwalimu tu. Alikataa wazo kwamba akili ni kiasi kisichobadilika. Kipimo hicho hicho kilipovuka bahari kwenda Marekani, wanasaikolojia kama Henry Goddard na Lewis Terman walikichukua kama mizani ya akili ya kurithi, na kikatumika kuwabandika watu majina na kuwafungia milango. Maswali mengi yalibaki yale yale. Kilichobadilika zaidi ni taasisi iliyoyashika. Mwanafunzi wa saikolojia hujifunza kama kipimo kinapima sawasawa. Wa elimu hujifunza kinafanya nini kikishaingia mikononi mwa shule. Ukijua kimoja tu kati ya hayo, unaweza kufanya madhara kwa nia njema kabisa.

Faida nyingine ni ndogo lakini ya kila siku: unajifunza jinsi ya kusoma ukiwa bado unasoma. Mwaka 1885 Hermann Ebbinghaus alichapisha matokeo ya majaribio aliyojifanyia mwenyewe, akikariri silabi zisizo na maana na kupima alivyozisahau. Usahaulifu ulikuwa wa kasi mwanzoni, kisha ukapungua mwendo. Mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke waliwapa wanafunzi wa chuo matini ya kusoma. Baadhi waliirudia kuisoma, wengine waliifunika na kujaribu kuandika walichokumbuka. Baada ya dakika 5 waliorudia kusoma walikuwa mbele. Baada ya wiki moja walioifunika ndio waliokumbuka zaidi. Kumbuka hilo usiku wa kuamkia mtihani unapoona kila ukurasa umeupaka kalamu ya njano.

Kinyume chake, utalazimika kuacha baadhi ya uliyoyaamini. Lile la kwamba kuna wanafunzi wa kuona, wa kusikia na wa kutenda, na kila mmoja afundishwe kwa mtindo wake, linapendwa mno kwenye semina za walimu. Harold Pashler na wenzake walipoupitia ushahidi wake mwaka 2008 hawakuona wa kutosha kuhalalisha kulitumia darasani. Saikolojia itakuonyesha udhaifu wa jaribio. Elimu itakusaidia kuelewa kwa nini wazo limedumu hata hivyo: linamwambia mwalimu kwamba hakuna mtoto asiyeweza, na hilo ni jambo mtu hupenda kuliamini.

Kuna watakaokuambia mshika mbili moja humponyoka, na wana sababu. Muda ni ule ule. Anayesoma saikolojia tupu ataingia ndani zaidi kwenye ubongo na neva, na atakuwa na kozi nyingi zaidi za maabara. Anayesoma ualimu tupu atakuwa amesimama mbele ya wanafunzi mara nyingi kuliko wewe. Ukitaka kuwa mtafiti wa neva, au ukitaka kuingia darasani haraka iwezekanavyo, sikushauri njia hii.

Inamfaa zaidi anayeelekea kwenye ushauri nasaha shuleni, elimu ya watoto wenye mahitaji maalumu, malezi ya awali, uandaaji wa mitaala na mitihani, au utafiti wa kujifunza. Lakini nyingi ya kazi hizo zina geti la pili. Shahada ya kwanza, peke yake, kwa kawaida haikupi haki ya kujiita mwanasaikolojia. Katika England, kwa mfano, njia ya kawaida ya kuwa mwanasaikolojia wa elimu sasa ni shahada ya uzamivu ya miaka 3, na huruhusiwi kuanza bila shahada ya saikolojia inayotambuliwa na chama cha wanasaikolojia. Shahada ya pamoja inaweza kutambuliwa au isitambuliwe, kutegemea wingi wa saikolojia iliyomo. Kwa hiyo kabla ya kujaza fomu, kiandikie chuo uulize mambo mawili: je, kozi hii inatambuliwa na chombo kinachosajili wanasaikolojia, na je, inatambuliwa na chombo kinachosajili walimu? Omba jibu kwa maandishi, litaje jina kamili la kozi na mwaka wa kuanza, kwa sababu utambuzi hutolewa kwa kozi na unaweza kwisha muda wake.