Samaki wa Mto Pangani Husoma Majira Kwenye Maji

Ukimtoa perege jike kwenye wavu wakati wa kuzaliana, mara nyingine hutema mayai ya manjano kwenye kiganja chako. Alikuwa akiyaatamia kinywani, akishinda bila kula. Kabla ya hapo dume alikuwa amemchimbia kishimo cha duara kwenye mchanga wa ukingoni, penye maji ya kina kifupi na vuguvugu. Maji yakishuka ghafla, kishimo hukauka na kazi yote hiyo hupotea.

Mto Pangani una perege wa asili wenye majina ya kwao: Oreochromis korogwe na Oreochromis pangani. Mto huohuo tumeufunga. Juu liko bwawa la Nyumba ya Mungu, la miaka ya 1960. Huku kwetu Tanga viko vituo vya umeme vya Hale, cha mwaka 1964, na Pangani, cha mwaka 1995, chenye megawati 68. Umeme tunauhitaji, na sisemi ukuta wowote ubomolewe.

Lakini mtazameni kambare. Yeye husubiri masika. Mto ukifurika hupanda usiku hadi kwenye nyasi zilizofunikwa na maji, hutaga humo, na mayai yaliyonata kwenye majani huanguliwa kwa siku moja au mbili. Bwawa huyazuia mafuriko hayo na kuyaachia kidogo kidogo mwaka mzima. Mtu akipita darajani huuona mto mzuri, usiokauka kiangazi. Nyasi, hata hivyo, hazikuguswa na maji. Kinamasi cha Kirua, chini ya Nyumba ya Mungu, hakifuriki tena kama zamani. (Mkunga, yule samaki mrefu kama nyoka anayezaliwa baharini na kukulia mtoni, shida yake ni ukuta wenyewe.)

Liko pia suala la joto. Maji ya bwawa lenye kina hujitenga: ya juu yana joto, ya chini ni baridi na yana hewa haba. Yakiachiwa ya chini, mto mzima hubadilika. Marekani, baada ya bwawa la Glen Canyon kufungwa mwaka 1963, Mto Colorado uliokuwa ukikaribia nyuzijoto 30 wakati wa kiangazi ulishuka hadi karibu 10. Kuna samaki wa asili wa huko mwenye nundu ambaye huhitaji takriban 16 ili azae. Kwa miaka mingi alibaki akizalia zaidi kwenye mto mdogo unaoingia humo, usio na bwawa kubwa. Kwenye bwawa jingine la huko, Flaming Gorge, waliweka, mwaka 1978, malango ya kuchota maji ya juu yenye joto. Kwetu baridi si kali kiasi hicho, ila upungufu wa hewa unatuhusu.

Sheria yetu ya rasilimali za maji ya mwaka 2009 inatambua maji ya akiba kwa mazingira. Kwa maoni yangu, kiasi peke yake hakitoshi. Furiko dogo la siku chache mwezi Aprili, likishuka polepole, lina faida zaidi kwa kambare kuliko maji hayohayo yakigawanywa mwaka mzima.

Wavuvi wa Korogwe, Hale na Pangani, mkiona kambare wanapanda, andikeni tarehe na mahali maji yalipofika, mpelekeeni ofisa uvuvi wa wilaya.