Mashine ya Espreso ya Mgahawani: Dhana Potofu na Ukweli

"Maji ya moto yanaisafisha yenyewe."

Dhana hii imeharibu kahawa nyingi kuliko nyingine zote. Maji ya espreso hupita kwenye unga yakiwa na joto la nyuzi 90 hadi 96, kwa mgandamizo wa bari 9 hivi, lakini hayaondoi mafuta ya kahawa. Mafuta hung'ang'ania kwenye chujio la kichwa cha mashine, yaani sehemu maji yanapotokea, na ndani ya valvu, kilango kinachofungua na kufunga njia ya maji, yanachacha, kisha kila kikombe kinachofuata kinabeba uchungu wake. Fungua chujio hilo kwenye mashine isiyosafishwa wiki nzima, upitishe kidole upande wa nyuma: kitatoka cheusi na kinanata.

Kazi yenyewe ni ya dakika chache kabla ya kufunga. Weka kwenye mpini, ule unaobeba kahawa na kufungwa kwenye kichwa cha mashine, chujio lisilo na matundu, tia sabuni ya unga ya mashine za kahawa, washa pampu sekunde 10, zima. Rudia mara kadhaa. Wengi hudhani pampu ndiyo inayosafisha, kumbe kazi hufanyika unapozima: valvu hufunguka, na maji yenye sabuni yaliyobanwa hurudi kwa kasi kupitia njia ileile yenye mafuta hadi kwenye trei. Malizia bila sabuni mpaka maji yatoke meupe. Mashine zisizo na valvu hiyo, zikiwemo nyingi za kuvuta kwa mkono, zisifanyiwe hivi.

"Bomba la mvuke hupanguswa mwisho wa zamu."

Hapana, ni kila baada ya jagi moja la maziwa. Ukifunga mvuke, bomba hupoa na kuvuta maziwa ndani. Pangusa papo hapo kwa kitambaa kibichi cha kazi hiyo tu, kisha fungulia mvuke kidogo uyatoe yaliyonyonywa. Kwa afya ya wateja, hili halina mjadala.

"Sabuni inatoa na chokaa."

Huu ni uchafu wa aina mbili. Mafuta hutoka kwenye kahawa na huondolewa kwa sabuni. Chokaa hutoka kwenye maji na huhitaji asidi. Wenye migahawa Mombasa au Zanzibar wanalijua vizuri, kwa sababu maji mengi ya visima vya pwani yamepita kwenye mawe ya matumbawe na kubeba chokaa. Yakipashwa moto, chokaa hujitenga, huganda kwenye chuma cha kupashia joto na kuziba vitundu vyembamba.

Hapo ndipo mtu hukimbilia siki. Nasihi sana, usiimimine kwenye boila ya biashara, yaani tangi linalochemsha maji ndani ya mashine. Harufu yake haitoki upesi, na magamba ya chokaa yakibanduka huweza kwenda kuziba valvu, pengine ile ya usalama. Boila ina mgandamizo; mwite fundi. Bora zaidi, pima ugumu wa maji kabla ya kununua mashine, ufunge kichujio kinachofaa na kubadilisha katriji yake kwa wakati.

"Basi tutumie maji yasiyo na chochote."

Boila nyingi hupima kina cha maji kwa kijiti kinachopitisha umeme mdogo ndani ya maji yenyewe. Maji yaliyoondolewa madini yote hayapitishi umeme vya kutosha: mashine hudhani boila ni tupu, inaendelea kujaza, na maji yanaanza kutoka kwenye bomba la mvuke. Maji ya aina hiyo hula metali pia. Madini kidogo yanahitajika, hata kwa ladha.

"Ikivuja pembeni ya mpini, kaza zaidi."

Kinachovujisha mara nyingi ni mpira wa kichwa cha mashine uliokauka kwa joto. Kukaza kwa nguvu kunaumaliza haraka na kusaga meno ya mpini. Kwenye mgahawa wenye wateja wengi, ubadilishe kila baada ya miezi 6 hadi 12, na ukiutoa ukakatika kama kigae, ujue ulichelewa.