Imeili uliyofuta bado ipo kwenye seva, ila isikae huko milele

Kitengo chetu cha TEHAMA siku hizi kinapokea malalamiko ya aina mbili na yanapingana kabisa, yupo anayetaka imeili aliyoifuta mwaka juzi irudishwe leo leo, na yupo anayekuja juu anauliza mbona alishaifuta na bado imetokea kwenye kikao cha nidhamu. Wote wanahisi wamefanyiwa kusudi. Hakuna aliyewafanyia kusudi jamani, ndo seva, yaani kompyuta kuu zinazotunza imeili, zinavyofanya kazi.

Kwenye IMAP, ule utaratibu wa programu ya imeili kusoma ujumbe uliopo kwenye seva, ukifuta ujumbe, seva inauwekea alama tu kwamba umefutwa, unabaki palepale mpaka ije amri nyingine ya kuuondoa. Gmail inauweka kwenye takataka siku 30, na Google wenyewe wanasema kwenye bakapu zao, yaani nakala za akiba, data iliyofutwa inaweza kukaa mpaka miezi 6. Ofisi zinazotumia imeili ya mtandaoni ya Microsoft (Exchange Online), hata ukisafisha takataka, ujumbe unahifadhiwa pembeni siku 14 na admini, yaani msimamizi wa mfumo, anaweza kuongeza hadi 30. Nakala ya uliyemtumia ndo kabisa, huna mamlaka nayo. Kwa hiyo hii ya "nimeshafuta, hakuna ushahidi" naomba tuiache, maana mwaka 1986 Oliver North na John Poindexter kule Ikulu ya Marekani walifuta maelfu ya imeili kwenye sakata la Iran-Contra, la kuiuzia Iran silaha kwa siri, na wachunguzi wakazikuta kwenye kanda za bakapu.

Je, seva itunze ulivyofuta? Mimi nasema itunze, kwa siku zinazojulikana na zilizoandikwa, halafu viondoke kweli.

Sababu kubwa ni wizi. Mwizi akipata pasiwedi ya mhasibu wa kampuni ya klaringi pale bandarini haibi siku hiyo hiyo, anakaa kimya anasoma, anasubiri invoisi kubwa, anamtumia mteja akaunti nyingine ya benki halafu anafuta alichotuma, tena anaweka na rul, yaani maelekezo ambayo imeili inayafuata yenyewe, ili majibu ya mteja yafutwe kabla mhasibu hajayaona. Mteja wa Kariakoo analipa, mzigo hautoki, wanaanza kuitana waongo. Seva ikiwa haijabakiza kitu hapo mnabaki neno lako na neno lake, ikiwa imebakiza tunaona nani alituma nini, saa ngapi.

Kutunza milele nako sikubali hata kidogo. Humo ndani kuna vitambulisho vya NIDA, mishahara, majibu ya hospitali, siku seva ikivamiwa vinaondoka vyote, hata vile mwenyewe alishafuta zamani. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, Na. 11 ya 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, haitaki taarifa ya mtu ikae zaidi ya inavyohitajika. Anayetoa taarifa ya mtu kinyume cha sheria, faini yake inaanzia shilingi 100,000 hadi milioni 20 au kifungo kisichozidi miaka 10 au vyote, na kampuni ni milioni 1 hadi bilioni 5. Kuiharibu au kuifuta kinyume cha sheria nako ni kosa, faini hadi milioni 10 au kifungo kisichozidi miaka mitano, au vyote. Rekodi za kodi zinatunzwa miaka mitano, na nyaraka za umma zina sheria yake ya mwaka 2002, huwezi kuziteketeza kwa uamuzi wako, kwa hiyo imeili yenye mkataba au invoisi ihifadhiwe kwenye faili lake, inboksi sio masijala, hili tumelisema mno.

Ukitaka kurudishiwa ujumbe andika ombi ndani ya siku 30, taja tarehe, mtumaji na kichwa cha ujumbe, mkuu wa idara asaini, kisha admini wawili wafungue kwa pamoja na iandikwe kwenye rejista. Kupiga simu sio ombi. Wala isieleweke kwamba tunakaa kusoma imeili za watu, haturuhusiwi, na bosi akitaka ya mtumishi anapita utaratibu huo huo pamoja na sababu ya maandishi. Polisi wakileta amri chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 tunasimamisha ufutaji wa akaunti hiyo tu mpaka amri iishe, nyingine zinaendelea kama kawaida.

Na ukihisi akaunti imeingiliwa, usianze kufuta futa imeili za ajabu ili "kusafisha". Badili pasiwedi ukiwa kwenye kompyuta nyingine, kagua rul zilizowekwa bila kuziondoa, pigia benki kwanza kama kuna hela imetoka, halafu njoo kwetu siku hiyo hiyo, maana zile siku za seva zinahesabika.