Muundo wa mishahara: kwa nini klabu husita kumpa staa anachotaka

Mchezaji bora wa timu akibakiza mwaka mmoja kwenye mkataba, mashabiki hugawanyika. Kuna wanaosema, "Mpeni anachotaka, bila yeye hatuna timu." Na kuna wanaojibu kwamba hakuna mchezaji mkubwa kuliko klabu, mwenye tamaa ya hela aende zake. Mabishano hufika mbali, lakini mara nyingi pande zote mbili huruka jambo linalowakosesha usingizi viongozi wa klabu: muundo wa mishahara.

Muundo wa mishahara ni mpangilio ambao klabu hujiwekea juu ya nani alipwe kiasi gani akilinganishwa na wenzake. Juu kabisa kuna kiwango ambacho uongozi hautaki kukivuka. Chini yake wako nyota wa kikosi cha kwanza, kisha wachezaji wa kawaida, wa benchi, na vijana waliopandishwa kutoka akademi. Si lazima uwe umeandikwa kama sheria. Ni msimamo tu, lakini mawakala wanaujua vizuri, na wachezaji huambiana.

Tuseme staa analipwa 100 kwa wiki, na wenzake wanne wanaomfuata wanalipwa 80 kila mmoja. Staa anataka 200. Shabiki anaona pengo la 100, anashangaa klabu inayosajili kwa mamilioni inashindwaje kulitoa. Anayeshika hesabu za klabu anaona zaidi ya hapo. Staa akishasaini, mawakala wa wale wanne wataomba kikao, na kila mmoja atadai kwamba mteja wake hajawahi kuwa nusu ya mchezaji yule. Wakipandishwa hadi 140, klabu imeongeza 240 nyingine juu ya ile 100. Nyongeza ya mtu mmoja imezaa gharama ya 340 kila wiki, kwa miaka minne au mitano. Na mchezaji mpya atakayeletwa dirisha lijalo la usajili hataanza mazungumzo kwenye 80 tena.

Kuna hatari nyingine: mshahara mkubwa ni mgumu kuuhamisha. Kiwango cha mchezaji kikishuka, klabu nyingine zinaweza kumtaka, ila si kwa mshahara ule, naye hana sababu ya kuacha haki yake ya kimkataba. Alexis Sánchez alijiunga na Manchester United Januari 2018 akitajwa kuwa miongoni mwa wanaolipwa zaidi England. Alifunga mabao 5 tu katika mashindano yote, na mwaka 2019 akapelekwa Inter kwa mkopo.

Hapo upande wa "aende zake" unapata nguvu. Ila na wao wanasahau kitu, nacho ni muda uliobaki kwenye mkataba.

Hadi tarehe 15 Desemba 1995, klabu barani Ulaya iliweza kudai ada ya uhamisho wa mchezaji hata baada ya mkataba wake kwisha. Siku hiyo Mahakama ya Haki ya Ulaya iliamua kesi ya Jean-Marc Bosman, Mbelgiji aliyezuiwa kuhama kutoka RFC Liège kwenda Dunkerque ya Ufaransa. Tangu hapo, mkataba ukiisha mchezaji anakuwa huru. Kanuni za FIFA zinamruhusu pia kusaini na klabu nyingine mkataba wake wa sasa ukibakiza miezi sita au pungufu. Robert Lewandowski aliondoka Dortmund kwenda Bayern hivyo mwaka 2014. Bayern nao wakampoteza David Alaba kwa Real Madrid mwaka 2021, baada ya mazungumzo ya mkataba mpya kukwama. Kylian Mbappé akaiacha PSG mwaka 2024. Katika uhamisho wote huo, klabu iliyoachwa haikupata hata senti ya ada.

Fedha hizo hazipotei hewani. Klabu inayompata mchezaji huru inaokoa ada ya uhamisho, hivyo inaweza kumpa donge la kusaini na mshahara ambao klabu yake ya zamani haikuthubutu kuufikia. Ndiyo maana naona kumwita mchezaji mwenye tamaa ni kumwonea. Anafanya kazi ambayo wengi huiacha wakiwa na miaka thelathini na kitu, na goti moja likiharibika biashara imekwisha. Anapokataa kusaini mapema anatumia nguvu pekee aliyonayo mezani.

Hata hivyo, mshahara huja umefungamana na mengine. Oktoba 2010 Wayne Rooney alitangaza kwamba anataka kuondoka Manchester United, akisema hakuridhishwa na majibu aliyopewa kuhusu ubora wa kikosi cha baadaye. Siku chache baadaye alisaini mkataba mpya wa miaka mitano. Wapo wanaoamini ilikuwa hela tangu mwanzo, wapo wanaoamini alitaka timu ishinde. Mimi sioni kwa nini lazima tuchague moja. Mshahara mkubwa humwambia mchezaji kwamba klabu ina nia, na klabu yenye nia husajili.

Kuna wakati hata nia haitoshi. Agosti 2021 Lionel Messi aliondoka Barcelona huku pande zote mbili zikitaka abaki, kwa sababu ligi ya Hispania huiwekea kila klabu kikomo cha matumizi ya kikosi kulingana na mapato yake, na Barcelona ilikuwa imekipita. UEFA nayo ina kanuni yake: kuanzia msimu wa 2025/26, mishahara, gharama za usajili na malipo ya mawakala kwa pamoja havipaswi kuzidi asilimia 70 ya mapato.

Tahadhari moja kuhusu takwimu zinazorushwa kwenye mabishano haya. Mishahara ya England kwa kawaida hutajwa kwa wiki na kabla ya kodi, ya Italia hutajwa kwa mwaka na mara nyingi baada ya kodi. Ukizilinganisha zilivyo, unalinganisha vitu viwili tofauti. Bonasi na haki za picha (malipo ya kutumia sura na jina la mchezaji) nazo ni njia za klabu kumwongezea staa kipato bila kugusa mshahara wa msingi, kwa hiyo anayeonekana kulipwa kidogo huenda halipwi kidogo.

Mfano wa Liverpool msimu wa 2024/25 unafaa kuuangalia kwa makini. Mikataba ya Mohamed Salah, Virgil van Dijk na Trent Alexander-Arnold ilikuwa ikielekea kuisha kwa pamoja, chini ya uongozi mmoja na muundo mmoja wa mishahara. Salah na Van Dijk walisaini upya Aprili 2025. Alexander-Arnold, aliyekulia hapo hapo, alichagua Real Madrid akisema anahitaji changamoto mpya, na Real wakalipa kiasi kidogo tu ili wampate kabla ya Kombe la Dunia la Klabu lililoanza Juni.