Eti kila kijana ni Gen Z? Hebu tupige hesabu kidogo

Mimi ni wa 1990. Juni 2024 nilikuwa tao na wenzangu kwa maandamano, macho yanawasha moshi wa vitoa machozi, kesho yake picha yetu ikatokea kwa gazeti moja na chini yake imeandikwa "maGen Z wakikabiliana na polisi". Tulicheka sana, maana mmoja wetu pale kwa picha ana mtoto form two. Huyo mtoto sasa ndiye Gen Z, na siku hiyo alikuwa darasani.

Dhana: Gen Z ni kijana yeyote, hasa mwenye simu na hasira.

Ukweli: ni mwaka wa kuzaliwa tu, basi. Hesabu inayotumika sana ni ya Pew Research Center huko Marekani, 1997 mpaka 2012, na wengine husogeza mwaka mmoja miwili huku au kule. Kwa hiyo 25 Juni 2024, siku waandamanaji waliingia Bunge la Kenya kupinga Mswada wa Fedha uliotaka kuongeza kodi, Gen Z mkubwa kabisa alikuwa na miaka 27 na mdogo hata 13 hajafika. Sasa fungua Katiba ya Kenya kifungu cha 260, kijana ni kuanzia miaka 18 na hajafikisha 35. Siku hiyo mtu wa 33 alikuwa kijana kabisa kisheria lakini Gen Z si yeye, na mtoto wa 12 alikuwa Gen Z lakini kisheria bado ni mtoto. Halafu mwanahabari anachukua hayo maneno mawili anayachanganya kama chai na maziwa.

Na hiyo Z haina maana yoyote ya ndani, ilifuata vizazi vya X na Y tu, baada yake herufi zikaisha wakarudi Alpha. Kitu kingine kinanikera (samahani, ni ugonjwa wangu) ni "kizazi cha Gen Z", hiyo Gen (generation) si ndiyo kizazi yenyewe jamani?

Dhana: Gen Z wana msimamo mmoja.

Ukweli: unasoma "Gen Z wakataa mazungumzo" unajiuliza nani aliwapigia simu wote. Watu walisema tangu mwanzo hawana kiongozi, hawana chama, hawana kabila. Walikuwa Nairobi, Eldoret, Kisumu, Mombasa, Nyeri, na kila mtu alikuja na lake.

Dhana: maandamano ya vijana yameanza na wao. Saba Saba ya 1990, maandamano ya kudai vyama vingi, walikuwa nani, wazee wa mtaa?

Dhana: Gen Z na wahuni ni watu wawili tofauti.

Ukweli: hapa ndipo pabaya zaidi. Asubuhi kijana ameshika bendera na maji ya kunywa, anaitwa Gen Z, jioni duka likivunjwa mahali, kijana wa rika lile lile na nguo zile zile amekuwa mhuni kwa habari za saa moja, na hakuna aliyemuuliza kama yeye ndiye aliyevunja. Umri wake haujabadilika. Kilichobadilika ni hisia ya anayeandika.

Dhana: basi neno ni la wanahabari, walitubandika.

Ukweli: hapana, tusiwaonee. Vijana wenyewe walilibeba. Moroko mwaka 2025 walijiita kabisa GenZ 212, hiyo 212 ikiwa namba ya simu ya nchi yao (+212), na hapa kwetu sisi wakubwa tukaona tunaachwa nyuma tukajiita Gen Zote. Wanahabari walilipenda kwa sababu ni fupi, "waandamanaji" ina herufi 12, "Gen Z" herufi 4, na kichwa cha habari hakina nafasi.

Nafasi naelewa. Lakini chini ya picha nafasi ipo, andika "waandamanaji", ama muulize mtu amezaliwa lini. Mimi ungeniuliza ningekujibu hata nikikohoa.