Je, wajua kwa nini waya wenye volti 12 unaweza kushindwa kuzungusha pampu ya mafuta?

Gari la zamani limezima njiani. Fundi anachomoa soketi ya pampu ya mafuta chini ya kiti cha nyuma, anagusisha mita, inasoma volti 12.6. "Umeme upo, pampu imekufa." Pampu mpya inanunuliwa na kufungwa, na baada ya siku chache gari linazima vilevile. Pampu iliyotupwa ilikuwa nzima.

Tatizo ni jinsi kipimo kilivyochukuliwa. Mita ya volti hutumia umeme kidogo mno, na soketi ikishachomolewa hakuna mzigo wowote kwenye waya. Hata nyuzi zote za shaba zikatike ubaki mmoja, mita itasoma volti zilezile za betri. Pampu ndiyo yenye njaa: mara nyingi huvuta ampea 5 hivi. Kiungo kilichoota kutu ya kijani kikiwa na ukinzani wa nusu omu tu, zidisha 5 kwa 0.5: karibu volti 2.5 zinaishia hapo. Pampu inazunguka kivivu, gari linakosa nguvu mlimani. Kiungo chenyewe nacho kinapata moto na kuzidi kuharibika, ndiyo maana gari huzima baada ya mwendo, likipoa linawaka kama halikuwa na shida.

Kwa hiyo pima pampu ikiwa kazini. Acha soketi imechomekwa, ncha ya mita iingie kwa nyuma yake. Ncha moja iguse chanya ya betri (utahitaji kuirefusha kwa waya), nyingine iguse waya wa chanya unaoingia kwenye pampu. Namba utakayoiona ni volti zinazopotea njiani. Upande huu una fyuzi, rilei (swichi inayowashwa kwa umeme) na soketi kadhaa, kwa hiyo nusu volti inavumilika. Kisha pima hivyohivyo kati ya waya wa hasi wa pampu na hasi ya betri; hapo isizidi volti 0.2 hivi. Mimi ningeanza na hasi, kwa sababu ndiyo inayosahaulika: waya mfupi uliokazwa kwa boliti kwenye bodi, mahali ambapo maji ya kuoshea gari hutuama chini ya zulia.

Toyota nyingi za miaka ya 1990 zina kiboksi cha uchunguzi chini ya boneti. Fungua swichi ya ufunguo bila kupiga stata, unganisha matundu yaliyoandikwa +B na FP kwa kipande cha waya, na pampu itazunguka bila kupitia rilei yake. Ikinguruma hapo ilhali kwa kawaida iko kimya, achana nayo. Tafuta kwenye rilei na kinachoiamuru.

Iko pia dalili inayosema wazi kuliko zote: injini inawaka ukipiga stata, ukiachia ufunguo inazima papo hapo. Rilei ya pampu kwenye Toyota hizo ina koili mbili, yaani nyaya zilizozungushwa ambazo zikipata umeme huvuta swichi yake. Ya kwanza hupata umeme wakati wa stata. Ya pili hushika injini ikishawaka: kwenye Hilux za zamani zenye injini ya 22R-E, inashikwa na swichi iliyo ndani ya mita ya hewa (kifaa kinachopima hewa inayoingia kwenye injini), kwenye modeli zilizofuata, na kompyuta ya injini. Zilipangwa hivyo ili gari likipata ajali na injini ikazima, pampu iache kusukuma petroli. Basi koili ya kwanza ikifanya kazi na gari likazima ukiachia ufunguo, kagua kwanza njia ya koili ya pili kabla ya kugusa tanki.

Ukipata waya mbovu, kata mpaka shaba inayong'aa, unga kwa waya wa unene uleule, choma lehemu na ufunike vizuri. Kusokota na kuzungushia tepu hurudisha kutu ileile. Fyuzi kubwa kuliko iliyoandikwa kwenye kifuniko usiweke kamwe: waya utayeyuka kabla fyuzi haijakatika, na waya huu unaenda kwenye tanki la petroli.