Je, wajua kwa nini wanaume wa Meksiko hulia ikipigwa ranchera, ule muziki wao wenye asili ya kijijini?

Mwangalie kwanza muimbaji wa ranchera alivyojipanga, kofia pana la charro, yani mpanda farasi wa huko, suruali imebana na pembeni imejaa vifungo vya fedha, kifua mbele, yani unasubiri asifie vita au farasi wake. Halafu anafungua mdomo na anachosema ni kwamba kaachwa, kabembeleza mpaka kachoka na leo analewa.

Jina lenyewe limetoka kwenye rancho, mashamba ya mifugo huko vijijini. Baada ya mapinduzi yaliyoanza 1910 watu wengi waliacha vijiji wakaenda kutafuta maisha Mexico City, redio XEW ikaanza kurusha 1930, na nyimbo za kijijini zikawa ndo harufu ya nyumbani. Kwa hiyo mimi naona simanzi ilikuwemo tangu mwanzo, mtu alishapoteza kwao kabla hata hajapoteza mpenzi.

Ila aliyeifanya kidonda kabisa ni mtunzi José Alfredo Jiménez, kazaliwa Dolores Hidalgo 1926, mtoto wa mkoani aliyewahi kuwa weita mjini. Hakujua kupiga ala yoyote, nyimbo alikuwa anazo kichwani tu, anawaimbia wanaojua muziki ndo wanaziandika. Kwenye wimbo wake "Ella" jamaa anaenda kulewa ili asahau, mariachi, yani bendi inayopiga nyimbo hizi, na tekila, pombe kali ya huko, ndo vinamliza, mwishoni glasi inamdondoka mkononi bila yeye kujua na mariachi wananyamaza. Hapo pa kunyamaza ndo huwa pananimaliza.

Na hayo yote yanatokea kantina, baa ambazo mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1980 pale Mexico City wanawake walikuwa hawaruhusiwi kuingia. Mwanaume akilia mle analia mbele ya wenzake, pombe imeshamtetea, na heshima yake haiguswi.

Sikiliza pia ule ukelele wa katikati unaoitwa grito, "aaaay!" inayopanda juu halafu inavunjika, hujui ni kicheko au kilio. Si wa muimbaji peke yake, hata wewe uliyekaa mezani unaruhusiwa kuutoa, yani wimbo umekuachia nafasi ya kumwaga lako.

Wanawake nao hawakubaki nyuma. Chavela Vargas aliwaondoa mariachi akabaki na gitaa, akaziimba taratibu zilezile nyimbo za wanaume wanaomlilia mwanamke, bila kumgeuza anayeliliwa awe mwanaume. Paquita la del Barrio wa Veracruz yeye alileta mipasho mitupu, kwenye "Rata de dos patas" anamwita msaliti panya wa miguu miwili, anamwambia hata mdudu aliyelaaniwa kuliko wote ukimweka pembeni yako anaonekana kadogo, na jukwaani katikati ya nyimbo alikuwa na swali lake moja kwa huyo mwanaume: "unanisikia, we usiyefaa kitu?"